Umelalaje?

Asubuhi, kabla ya habari za mvua na bei ya kahawa, watu wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, huulizana habari za usiku. Kinyankole, ndugu wa karibu wa Kinyambo, lugha ya huko, husema "oraire gye?", umelala vyema? Kiswahili husema "umelalaje?" Jibu huwa tayari mdomoni kabla swali halijaisha: salama. Aliyelala fofofo hujibu salama. Aliyesikiliza mbwa wakibweka mpaka jogoo wa kwanza naye hujibu salama. Mhadhara huu una ombi moja: mtu mwenye ugonjwa wa akili aulizwe swali hilo kwa kumaanisha, na anayeuliza asubiri jibu la kweli.

Ombi hili lina sababu nzito. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha uchambuzi wa tafiti 19, zenye jumla ya watu 104,436, kuhusu usingizi na kujiua kwa watu waliokwisha kutambuliwa kuwa na maradhi ya akili. Wagonjwa wenye matatizo ya usingizi walionekana kuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kuwaza kujiua, kujaribu au kufa kwa njia hiyo, wakilinganishwa na wagonjwa wenzao waliolala vizuri. Kwa wenye sonona, uwezekano ulikuwa mara tatu hivi. Kwa wenye skizofrenia ulipanda zaidi ya hapo, ingawa tafiti za kundi hilo zilikuwa chache.

Hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Ulinganisho huo haukuwa kati ya mgonjwa na mtu mwenye afya. Ulikuwa kati ya mgonjwa na mgonjwa. Tuseme wote wawili wana sonona, wote wawili wanameza dawa, lakini mmoja analala na mwingine halali. Huyo asiyelala ndiye aliye karibu zaidi na ukingo wa shimo.

Lazima isemwe pia, na isemwe mapema, kwamba wengi mno wa wanaokosa usingizi hawatajaribu kujiua hata siku moja. Kukosa usingizi si hukumu. Ni kama homa kwa mtoto: homa nyingi hupita, lakini hakuna mama wa Nyakahanga anayeligusa paji la uso la mwanawe likachoma kisha akageuka upande wa pili akalala.

Hospitali ya Nyakahanga, mali ya Dayosisi ya Karagwe ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, kwa miaka mingi ilibeba jukumu la hospitali teule ya wilaya. Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu zaidi ya 650,000 katika wilaya hizo mbili. Hao ni watu wa migomba, maharage na kahawa, waliotawanyika kwenye vilima kuanzia Bweranyange hadi Murongo kwenye mpaka wa Uganda. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili nchini ni wachache, na wengi wao wako kwenye hospitali kubwa za mbali: Muhimbili, Bugando, na Mirembe ya Dodoma. Lutindi, kule Korogwe, ilianzishwa na wamisionari mwaka 1896 kama makao ya watoto waliookolewa utumwani, ikaja kuwa hospitali ya magonjwa ya akili mwanzoni mwa karne iliyofuata. Kwa mkulima wa Kaisho, zote hizo ni safari ya nauli kubwa na siku nyingi.

Kwa hiyo anayemwona mgonjwa wa Kyerwa usiku si daktari bingwa. Ni mama yake, mkewe, mumewe, kaka wa chumba cha pili. Hao ndio wanaosikia mlango ukifunguliwa saa nane za usiku. Ndio wanaojua kama kitanda kimelaliwa. Sayansi iliyokusanya namba zile zote inahitaji mashahidi wa namna hiyo, na mashahidi wenyewe mara nyingi hawajui kwamba wanachokiona kina thamani kwa tabibu.

Saa zenyewe ni za kuangaliwa. Ukihesabu vifo vya kujiua kwa saa tu, vingi hutokea mchana, na mtu angeweza kudhani usiku ni salama. Kundi la watafiti wa Marekani likiongozwa na Michael Perlis lilifikiri tofauti. Likachukua vifo 35,332 na kuuliza: katika kila saa, ni watu wangapi walikuwa macho? Usiku wa manane karibu kila mtu amelala, kwa hiyo walio macho ni wachache. Hesabu ilipopangwa upya kwa walio macho peke yao, saa kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi zilikuwa na vifo mara 3.6 ya vilivyotarajiwa. Aliye macho saa tisa za usiku yuko katika saa yenye hatari zaidi kuliko aliye macho saa tisa za alasiri.

Wahenga walisema usiku wa deni haukawii kucha. Mwenye deni huona jua limechomoza upesi mno, mdai yuko mlangoni. Kwa mgonjwa wa sonona ni kinyume kabisa. Usiku wake hauishi. Wenzake wamelala, simu haipokelewi, kituo cha afya kimefungwa, na bodaboda wa mwisho amekwisha kurudi Omurushaka.

Ndani ya kichwa kuna jambo jingine. Mwaka 2007 kundi la Matthew Walker lilipiga picha za ubongo za vijana waliokeshwa usiku mmoja, likazilinganisha na za wenzao waliolala. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala, inayopokea hofu na machungu, iliitikia kwa nguvu zaidi kwa asilimia 60 hivi kwa waliokesha, na uhusiano wake na sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupima na kujizuia, ulikuwa umelegea. Hao walikuwa vijana wazima, na ulikuwa usiku mmoja. Mgonjwa aliyekesha wiki tatu anabeba maumivu yaleyale ya jana kwa mabega yaliyodhoofika. Tatizo ambalo asubuhi lingekuwa na njia mbili tatu za kulitatua, saa tisa za usiku huonekana halina hata moja. Si kwamba amekosa imani au amekosa ujasiri. Chombo anachotumia kufikiri kimechoka.

Ndoto nazo zina neno. Nchini Finland watu 36,211 waliulizwa kuhusu ndoto za kutisha kisha wakafuatiliwa kwa miaka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: waliosema wanaota ndoto hizo mara kwa mara walikuwa na hatari ya kufa kwa kujiua mara mbili ya wasiozipata. Katika vijiji vya Kagera ndoto mbaya haikosi mfasiri. Itasemwa ni mizimu, itasemwa ni jirani mchawi, mgonjwa ataombewa au atapelekwa kwa mganga. Pengine atapata faraja huko, na mhadhara huu haudharau faraja. Lakini muuguzi naye aambiwe. Ndoto inayorudi kila usiku ni dalili ya tiba kama kikohozi kisichoisha.

Na Kagera ina mengi ya kuota. Ilipigwa na vita vya 1978 na 1979. Mwaka 1994 ilipokea mafuriko ya wakimbizi wa Rwanda. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa hapa mwaka 1983, na baada yao yakaja makaburi, na baada ya makaburi, kizazi cha yatima. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliua watu wasiopungua 17 na kubomoa maelfu ya nyumba, na watu wengi walilala nje kwa kuogopa kuta zao wenyewe. Kwa sadfa, tarehe 10 Septemba ndiyo siku ambayo dunia imeitenga tangu mwaka 2003 kwa ajili ya kuzuia kujiua.

Basi kuna habari njema, na iko jirani kabisa. Ng'ambo ya Mto Kagera, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, Frank Neuner na wenzake walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2008. Walishiriki wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali, wote wakiwa na ugonjwa wa kiwewe kinachotokana na maovu waliyoyaona, ugonjwa ambao ndoto za kutisha na kushtuka usiku ni sehemu ya sura yake. Waliowatibu hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu asimulie maisha yake kwa mpangilio, la kutisha likawekwa mahali pake na tarehe yake. Baada ya miezi tisa, kati ya watu kumi waliopata msaada huo, takriban saba hawakuwa tena na ugonjwa huo. Kati ya waliofuatiliwa tu bila tiba, hawakufika wanne. Kama Nakivale iliweza, hakuna sababu Nkwenda au Nyaishozi ishindwe.

Ndoto ya kutisha ina pia tiba yake ndogo, iliyojaribiwa na Barry Krakow kwa wanawake 168 na kuchapishwa mwaka 2001. Mchana, akiwa ametulia, mgonjwa huichukua ndoto inayomtesa, akaibadilisha anavyotaka mwenyewe, kisha akairudia ndoto mpya akilini kwa dakika chache kila siku. Wanawake wale waliota vibaya mara chache zaidi na wakalala vizuri zaidi. Haihitaji umeme wala dawa.

Ni wakati wa kuingia jikoni, kwenye kabati la dawa na kilabuni, maana usingizi huharibiwa na vitu vya kila siku.

Kahawa ya Kagera kwa sehemu kubwa ni robusta, na robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Hapa watu hawainywi tu, huitafuna. Buni zilizochemshwa na kukaushwa ni heshima ya mgeni, na mzee huweka chache mfukoni. Heshima hiyo ibaki. Lakini nusu ya kafeini iliyoingia mwilini saa kumi na moja jioni bado iko mwilini saa tano za usiku. Mgonjwa anayekosa usingizi atafune zake asubuhi.

Rubisi na gongo vinadanganya kwa njia ya kinyume. Pombe humlaza mtu haraka, na ndiyo maana wengi huitumia kama dawa. Baada ya saa chache mwili ukishaichakata, usingizi hukatika, moyo unadunda, kinywa kimekauka, na mtu yuko macho saa tisa usiku, saa zilezile za hatari, akiwa bado na kilevi kinachompunguzia kujizuia. Hakuna mchanganyiko mbaya kuliko huo kwa mtu mwenye sonona.

Dawa zenyewe za hospitali nazo ziulizwe. Haloperidoli, inayotumika sana kwa skizofrenia, huwapa baadhi ya watu hali ya kutotulia kusikoelezeka: miguu inataka kutembea, mwili hauwezi kukaa wala kulala, mtu anazunguka chumba usiku kucha. Ndugu hudhani ugonjwa umepanda na kuomba aongezewe dozi. Kumbe ni dozi yenyewe. Hali hiyo huweza kumfanya mgonjwa atamani kufa ili mwili utulie, na ina ufumbuzi: kupunguza dozi, kubadilisha dawa, au kuongeza propranololi, dawa ya bei nafuu ambayo hospitali nyingi zinayo. Kinachotakiwa ni mtu mmoja aulize, je, miguu inatulia ukilala?

Habari ya dawa za UKIMWI inauma zaidi, hasa katika mkoa huu. Efavirenzi ilikuwa nguzo ya tiba kwa miaka mingi, na waliotumia wanakumbuka ndoto zake: kali, za rangi, za kushtua. Mwaka 2014 uchambuzi wa majaribio yaliyohusisha watu 5,332 ulionyesha kwamba walioanza tiba yenye efavirenzi walikuwa na hatari zaidi ya mara mbili ya kuwaza kujiua, kujaribu au kufa kwa kujiua, kuliko walioanza tiba nyingine. Dawa hiyo iliokoa maisha ya watu wengi sana na hakuna anayepaswa kuilaani. Sasa nafasi yake imechukuliwa na doluteguraviri, ambayo nayo huwanyima usingizi baadhi ya watu, na kuimeza asubuhi badala ya usiku huweza kusaidia. Anayeacha dawa kimyakimya kwa sababu hapati usingizi, wakati jibu huenda lilikuwa kubadilisha saa, amepoteza tiba yake kwa sababu hakuna aliyemuuliza amelalaje.

Katika maduka ya dawa, anayelalamika usingizi huishia kununua dawa ya mafua inayoleta usingizi au vidonge vya diazepamu. Kwa siku mbili tatu inaweza kusaidia. Kwa miezi, mwili huzoea, dozi hupanda, na nyumbani kuna akiba ya vidonge ambayo haipaswi kuwa karibu na mtu aliyekata tamaa. Chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani mwaka 2016 kilishauri kwamba tiba ya kwanza ya kukosa usingizi kwa muda mrefu isiwe kidonge bali mafunzo ya kubadili mazoea ya kulala. Mafunzo hayo yana mambo machache: kuamka saa ileile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya, kutokwenda kitandani kabla usingizi haujaja, kuinuka baada ya dakika kama ishirini za kugaagaa, kukaa mahali pengine tulivu, kisha kurudi usingizi ukija, na kitanda kisigeuzwe ofisi ya kuhesabu madeni. Daniel Freeman wa Oxford aliyajaribu mafunzo ya namna hii kwa watu 50 waliokuwa na imani potofu au sauti za kichwani zisizoisha, watu ambao madaktari wengi hudhani hawafundishiki. Baada ya tiba, asilimia 41 hawakuwa tena na tatizo la usingizi, dhidi ya asilimia 4 ya waliopata huduma ya kawaida peke yake.

Tahadhari moja: mwenye ugonjwa wa baipola, ule wa hisia kupanda mno na kushuka mno, asipunguziwe saa za kulala kiholela. Kwake usiku mmoja au mbili bila usingizi huweza kuwasha moto wa kupanda. Mwenye kifafa naye, ambaye katika hospitali zetu mara nyingi hutibiwa kliniki ileile ya afya ya akili, huangushwa na kukesha.

Na hapa inafaa kusema jambo kwa heshima yote kwa makanisa, ambayo bila hayo Nyakahanga isingekuwa na hospitali. Mkesha wa maombi ni tunu. Lakini mwenye kifafa, mwenye baipola, na aliyetoka wodini wiki iliyopita na bado anajifunza kulala tena, waombewe mchana. Mchungaji akilisema hilo madhabahuni, litasikika kuliko likisemwa na madaktari kumi. Mwenyezi Mungu husikia pia saa nne za asubuhi.

Kwa nini basi kuanzia kwenye usingizi, na si kwenye kujiua kwenyewe? Kwa sababu mlango wa kujiua umefungwa kwa makufuli mengi, na mlango wa usingizi uko wazi. Mwanamume wa Karagwe atakufa kabla hajasema mbele ya watu kwamba anatamani kufa. Atasema, bila aibu, kwamba halali. "Mawazo tu," ataongeza. Neno hilo dogo lina watu wengi ndani yake. James Mugisha na wenzake, waliozungumza na Baganda wa Uganda kuhusu kujiua, waliona kwamba kitendo hicho huchukuliwa kuwa hatari kwa ukoo mzima, kiasi kwamba familia hufanya matambiko ya kujitenga nacho. Huenda hali ya Karagwe haitofautiani sana. Hofu hiyo huenda iliwazuia baadhi ya watu. Lakini imewanyamazisha wengi waliohitaji kusema.

Sheria nayo imeongeza kufuli. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, urithi wa utawala wa Mwingereza, kinaandika kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mgonjwa anayefikishwa hospitali akiwa mahututi anaweza kujikuta na maelezo ya kutoa polisi, na ndugu wanaolijua hilo huchelewa kumleta au hudanganya kilichotokea. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho, cha 226. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Nairobi alikitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Uamuzi huo ni wa haki, na Tanzania ina kila sababu ya kuufuata. Mtu hatishwi na jela kwa kosa la kuugua.

Wengi pia huogopa kwamba ukimuuliza mtu kama anawaza kujiua, umempandia mbegu. Hofu hiyo ilipimwa. Mwaka 2005 Madelyn Gould alichapisha matokeo ya wanafunzi 2,342 wa sekondari za jimbo la New York: baadhi waliulizwa waziwazi, baadhi hawakuulizwa. Walioulizwa hawakuonyesha fadhaa zaidi wala mawazo zaidi ya kujiua, na wale waliokuwa tayari na sonona walionekana kupata nafuu kidogo. Mbegu, kama ipo, ilikwisha kuwamo. Swali huleta mwanga.

Namna ya kuuliza ni ya kawaida kabisa. Umelalaje? Ulilala saa ngapi, ukaamka saa ngapi? Ulipokuwa macho, ulikuwa unawaza nini? Kuna wakati unaona ni afadhali usiamke? Umewahi kufikiria kujiua? Kutoka swali la kwanza mpaka la mwisho ni hatua tano, na hakuna hata moja inayohitaji shahada.

Anayehitaji kusadiki kwamba watu wa kawaida wanaweza kazi hii aangalie Harare. Mwaka 2005 mgonjwa kijana wa Dixon Chibanda, mmoja wa madaktari bingwa wachache wa akili nchini Zimbabwe, alijiua. Mama yake alieleza kwamba walitaka kurudi hospitali, ila nauli, dola 15 hivi, haikupatikana. Maneno hayo yangeweza kusemwa leo Mabira au Murongo bila kubadilisha kitu. Mwaka 2006 Chibanda akaanza na bibi 14 katika mtaa wa Mbare, wakikaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakizungumza kuhusu kile Washona wanachokiita kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilihusisha watu 573. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa takriban asilimia 14 kwa waliokaa kwenye benchi, na asilimia 50 kwa waliopata huduma ya kawaida.

Shirika la Afya Duniani nalo lilijaribu jambo dogo zaidi. Katika nchi tano, Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China, watu 1,867 waliofikishwa hospitali baada ya kujaribu kujiua waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata mazungumzo ya saa moja, kisha likapigiwa simu au kutembelewa mara tisa katika miezi 18. Waliokufa kwa kujiua katika kundi hilo walikuwa asilimia 0.2, katika kundi la huduma ya kawaida, asilimia 2.2. Simu au ziara tisa. 

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ikilenga kuwa na wahudumu 137,294 nchi nzima. Kazi yao ni kupita nyumba kwa nyumba wakiuliza vyandarua, kliniki ya wajawazito, chanjo. Anayeuliza kama watu wamelala ndani ya chandarua yuko neno moja tu kutoka kwenye swali la mhadhara huu: je, mlilala? Swali hilo liingizwe kwenye daftari lao, na pembeni yake pawe na namba ya simu ya kitengo cha afya ya akili cha hospitali iliyo karibu. FADECO, redio ya jamii ya Karagwe, inayosikika mashambani ambako gazeti halifiki, ingeweza kulisema kila asubuhi.

Kwa nyumba ambayo tayari ina mgonjwa, kuna ya kufanya leo hiihii. Dawa zake zishikwe na mtu mwingine, zitolewe kidogokidogo. Sumu za shambani ziondoke nyumbani, zifungiwe kwa jirani au stoo ya ushirika. Sri Lanka ilipopiga marufuku zile kali zaidi, kuanzia miaka ya 1990, vifo vya kujiua nchini humo vilipungua kwa takriban asilimia 70 katika miaka iliyofuata, maana wengi walionusurika saa ile moja ya giza hawakuitafuta sumu tena. Mgonjwa apangiwe mtu wa kuamshwa, mmoja kwa jina, ambaye amekubali mapema kwamba saa nane za usiku mlango wake ukigongwa atafungua. Na tarehe ya kliniki ikipita bila yeye kwenda, mtu amfuate.

Kesho asubuhi, mtu wa nyumbani kwako anayemeza dawa za akili akikujibu "salama", vuta kigoda ukae, umuulize tena. Akikwambia siku tatu hajalala, au akitaja kufa, hata kwa utani, usimwache peke yake. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, uingie naye ndani, na umweleze tabibu habari za usiku wake.